Bomba la maji si bomba la upepo

Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni



Jumamosi iliyopita, mnamo saa nane mchana, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Dar es Salaam nikisoma gazeti. Mara ukasikika mlipuko kutoka nyumba ya tatu. Sisi watu wa mjini tumezoea kelele. Nikadhani ni tairi la lori limepasuka barabarani, nikafungua ukurasa wa pili. Lakini hapo hapo nikasikia kijana akilia, na akina mama wakipiga yowe. Nikavaa kandambili, nikakimbia.

Jirani yangu huyo ni fundi seremala. Uani kwake amejenga kibanda cha mabati, na humo hupulizia vanishi vitanda na makabati kwa kompresa ya umeme. Nilimkuta mwanafunzi wake, kijana wa miaka kumi na saba, amekaa chini, damu inamtoka juu ya jicho la kushoto. Kidonda kingeshuka upana wa kidole kimoja tu, leo tungekuwa tunazungumza habari ya kijana mwenye jicho moja. Nyuma yake, katika mlango wa kabati la plaiwudi, kilikuwa kimechomeka kipande cha plastiki chenye ncha kali kama kigae cha chupa.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Walikuwa wanakula. Kompresa ilikwisha kuzimwa, ila tangi lake lilikuwa limejaa upepo. Kutoka kwenye tangi hilo hadi kona ya kupulizia rangi, jirani yangu alipitisha ukutani bomba la plastiki, lile lile tunalovutia maji bafuni. Ndilo lililopasuka, lenyewe, bila kuguswa na mtu.

Kijana alipelekwa zahanati, akashonwa, na namshukuru Mungu anaendelea vizuri. Lakini maneno mawili niliyoyasikia pale uani ndiyo yaliyonifanya niache mada niliyokuwa nimeiandaa kwa leo. La kwanza lilitoka kwa fundi mwenyewe. Aliniambia, “Mzee, bomba hili lina miaka miwili ukutani. Halijawahi kuvuja hata siku moja.” La pili lilitoka kwa mzee mmoja miongoni mwa tuliokusanyika. Alitikisa kichwa akasema, “Ajali haina kinga.”

Ndugu msikilizaji, kwa heshima zote kwa mzee wangu yule, ajali hii ina kinga. Na ule muda wa miaka miwili bila kuvuja, ambao fundi aliuona kuwa ushahidi wa usalama, si ushahidi wa lolote.

Nakiri kwamba siko hapa kumnyooshea kidole jirani yangu. Niliporudi nyumbani jioni ile nilizunguka nyuma ya nyumba yangu. Huko mpwa wangu anaziba pancha na kuosha magari, apate riziki yake. Miezi mitano iliyopita alinijia akasema, “Mjomba, mpira wa upepo unazagaa chini, wateja wanajikwaa. Nipe hela kidogo nivute bomba ukutani.” Nikampa. Sikuuliza bomba gani. Nilisimama mbele ya ukuta huo nikaona plastiki ile ile, yenye kona na gundi zile zile, na watoto wangu wawili wanacheza mdako chini yake.

Mimi ni mtangazaji, si fundi. Kwa hiyo wiki hii nimefanya kazi ninayoijua, ya kuuliza. Nimeuliza fundi wa mafriji, nimeuliza mwalimu wa ufundi wa mabomba, nimesoma na maandishi ya watengenezaji. Naomba nikueleze niliyoyapata, maana najua wengi wenu mna kompresa uani: maseremala, wapiga rangi wa magari, waziba pancha, na hata mtu wa ofisini anayependa kutengeneza vitu vyake mwisho wa juma.

Tuanze na swali ambalo kila fundi ataniuliza. Bomba la plastiki limeandikwa ubavuni kwamba linastahimili bar 10. Kompresa ya nyumbani kwa kawaida hujizima ikifika bar 8, yaani karibu paundi 116 kwa kila inchi ya mraba. Kumi ni kubwa kuliko nane. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba ile kumi iliandikwa kwa ajili ya maji, tena maji ya baridi, ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Na maji na hewa ni viumbe viwili tofauti kabisa vikibanwa.

Chukua tangi la lita 50, lijaze maji pomoni, kisha uyabane mpaka geji isome bar 8. Maji yatapungua kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chakula, basi. Sasa bomba likipasuka, kinachotaka kutoka kwa nguvu ni kile kijiko kimoja. Utalowa, sakafu italowa, utafunga koki na kutafuta tambara. Lakini chukua tangi lile lile na ulijaze hewa hadi bar 8. Humo umeshindilia hewa ambayo ikiachiwa itahitaji nafasi ya lita 450, mara tisa ya tangi lenyewe. Hewa hiyo ni kama springi iliyokazwa. Bomba likipasuka, springi yote inafyatuka kwa mara moja kupitia pale palipofunguka, na chochote kilichopo pale kinageuka kuwa risasi.

Kama bar 8 ni namba tu kwako, fikiria kisanduku cha kiberiti. Ule upande wake mpana, ukikandamizwa na hewa ya bar 8, unabeba uzito unaokaribia mifuko mitatu ya saruji. Ndivyo ukuta wa bomba unavyosukumwa kutoka ndani, mchana na usiku, maadamu tangi halijafunguliwa.

Jambo la pili ni namna kila kitu kinavyokufa. Mwalimu wangu wa ufundi aliniambia hivi: usiulize tu bomba linastahimili kiasi gani, uliza pia likishindwa litashindwaje. Bomba la shaba likizidiwa hutanuka, likachanika mfano wa ganda la mbaazi, na hewa ikatoka kwa kelele. Bomba la chuma huanza kuvuja kwenye kiungo au kwenye tundu la kutu. Mpira mzuri wa upepo huvimba, ukachanika. Vyote hivyo vinatisha, lakini chuma kinabaki ukutani na shaba inabaki ukutani. Ile plastiki ngumu ya mabomba ya maji, ambayo mafundi huijua kwa jina la PVC, haitanuki. Huvunjika kama kioo, vipande vikatawanyika kila upande. Na kwa kuwa haitanuki, haikupi dalili. Leo haivuji, kesho haivuji, keshokutwa unashonwa nyuzi.

Hapo ndipo ile miaka miwili ya jirani yangu inapokosa maana. Kila kompresa inapowaka na kuzimika, bomba linavutwa na kulegezwa. Kila ngazi inapoligonga, panabaki alama ndogo usiyoiona. Jua likilipiga mwaka mzima, plastiki inakuwa kavu na rahisi kuvunjika. Baadhi ya mafuta ya kompresa, hasa yale ya sintetiki, husafiri na hewa na kuidhoofisha plastiki kutoka ndani. Miaka miwili bila kuvuja haina maana kwamba bomba ni zima. Maana yake ni kwamba limechakaa kwa miaka miwili.

Halafu kuna joto, na hapa sisi watu wa pwani tusikilize kwa makini. Kwa hesabu za watengenezaji wenyewe, bomba la PVC likifika nyuzi 38 hubaki na karibu asilimia 62 ya nguvu yake. Likifika nyuzi 43 hubaki na nusu. Likifika nyuzi 60 hubaki na sehemu moja tu kwa tano. Sasa fikiria kibanda cha mabati mwezi Februari, saa nane mchana. Ongeza hapo kwamba hewa inayotoka kwenye kompresa nayo ni ya moto, jaribu kugusa bomba lake la kutolea uone. Lile bomba la bar 10, mahali kama hapo, huenda limebakiwa na nguvu ya bar 5, nawe unalitia 8.

Usidhani haya ni maneno ya redio tu. Mwezi Mei mwaka 1988 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini ilitoa taarifa ya hatari kuhusu mabomba ya PVC yanayopitishwa juu ya ardhi kubeba hewa iliyobanwa. Taarifa hiyo ilitokana na mfanyakazi wa kiwanda huko Texas aliyejeruhiwa mkono na vipande vya bomba la namna hiyo. Idara ya kazi ya jimbo la Washington, huko huko Marekani, nayo ikatoa tahadhari yake. Ilieleza habari ya bomba lililolipuka juu ghalani, na kipande chake kikaruka futi 60 mpaka kikajichoma katika roli la karatasi. Futi 60 ni mita 18. Pima mita 18 kutoka kwenye kompresa yako, uone ni nani anaishi ndani ya duara hilo.

Basi, tutumie nini? Nitaanza na lililo rahisi kwa mfuko.

La kwanza: huenda huhitaji bomba lolote ukutani. Kwa karakana ya nyumbani yenye mtu mmoja au wawili, mpira mmoja mzuri wa upepo unatosha kabisa. Sisemi mpira wa kumwagilia bustani, nasema mpira uliotengenezwa kwa ajili ya hewa, wenye nyuzi ndani yake, na ulioandikwa ubavuni kiwango cha kufanyia kazi. Ukiona bar 20, au paundi 300, hapo una akiba ya kutosha juu ya bar 8 yako. Ukimaliza kazi uviringe, uutundike. Tatizo la wateja kujikwaa, ambalo mpwa wangu alilitatua kwa bomba, lingetatuliwa kwa msumari mmoja ukutani.

La pili ni bomba la chuma lililopakwa zinki, lile la maji la siku zote. Lina nguvu nyingi kupita mahitaji yako, linapatikana kila mahali, na fundi bomba yeyote anajua kulikata uzi. Kasoro yake ni uzito, na kwamba kwa unyevu wa hewa iliyobanwa litaota kutu ndani baada ya muda. Kutu hiyo huziba bunduki ya rangi na kuharibu kazi. Kwa hiyo weka chujio mwisho wa bomba. Ukinunua mitumba ya chuma, kama wengi tunavyofanya, lichungulie ndani kwanza. Likiwa limeliwa na kutu, liache.

La tatu ni bomba la shaba. Hili ndilo fundi wangu wa mafriji analolipenda. Halioti kutu, ni jepesi, hupitisha hewa safi, na likizidiwa huchanika bila kurusha vipande. Viungo vyake huunganishwa kwa lehemu na mtu anayejua kazi. Bei yake ni mara kadhaa ya plastiki, sikufichi. Lakini kwa karakana ya uani unazungumzia mita sita au kumi, si kilomita. Yako pia mabomba ya alumini yaliyotengenezwa maalumu kwa hewa, mazuri sana, ila hayo kwa kawaida ni ya wenye viwanda.

Je, plastiki zote ni haramu? Hapana. Kuna plastiki chache zinazotengenezwa kwa kazi hii. Kanuni ni moja: kama mtengenezaji mwenyewe hakuandika kwamba bomba lake ni la hewa iliyobanwa, basi si la hewa iliyobanwa. Neno la muuzaji si neno la mtengenezaji. Niliingia duka moja la vifaa vya ujenzi nikauliza bomba la kuvutia upepo. Kijana aliyekuwa kaunta, bila kuinua macho, akanipa PVC ya nusu inchi na gundi. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Lakini nawaomba wenye maduka wanaonisikiliza: mteja akitaja neno kompresa, msimpe bomba la maji.

Ukishachagua bomba, yako mambo machache ya kufunga. Bomba lishikwe imara ukutani, lisining'inie. Liinamie kidogo upande wa mwisho, kiasi cha sentimita moja kwa kila mita, ili maji yanayojitengeneza ndani yakimbilie chini, na hapo chini uweke koki ya kuyatoa. Matawi ya kwenda kwenye vifaa yachukuliwe kutoka mgongoni mwa bomba, si tumboni, ndipo maji hayatakufuata kwenye rangi. Kati ya kompresa na bomba weka kipande cha mpira imara, maana kompresa hutetemeka, na mtetemeko huvunja viungo. Hapo penye tangi weka koki ya kufungia, na kila jioni ifunge, kisha uachie upepo uliobaki katika bomba. Laiti jirani yangu angefunga koki hiyo kabla ya kula, na kuachia upepo wa kwenye bomba, chakula kingeliwa kwa amani.

Kabla ya kutia hewa kwa mara ya kwanza, jaribu bomba kwa maji. Lijaze maji hadi hewa yote itoke, kisha lipandishe kwa pampu ya mkono ya mafundi bomba hadi mara moja na nusu ya kiwango utakachotumia. Kwa bar 8, jaribu kwa bar 12. Kama kuna kiungo kibovu kitalia kwa maji, na maji, tumekwisha kuona, hayaui. Baadaye ukitia hewa, tafuta mvujo kwa povu la sabuni. Usiutafute kwa kiganja.

Na tangi lenyewe tusilisahau, maana bomba zuri juu ya tangi bovu ni kazi bure. Maji hujikusanya chini ya tangi kila siku, hasa kwa unyevu wa huku pwani. Fungua koki ya chini kila jioni uyatoe, la sivyo kutu italila tangi kutoka ndani bila wewe kujua. Ile valvu ya usalama, inayofyatuka upepo ukizidi, usiizibe kamwe wala usiikaze kwa sababu “inapoteza upepo.” Nayo ile mitungi ya gesi ya zamani, iliyounganishwa na mota ya friji na kuitwa kompresa, hakuna aliyeipima wala ajuaye ndani ikoje. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vyombo vya kuhifadhi mgandamizo vikaguliwe, na Wakala wa OSHA ndio wenye kazi hiyo. Mkaguzi huenda asifike uani kwako leo. Lakini ukiwa na kijana mmoja unayemlipa, uani pako pamekuwa mahali pa kazi.

Neno dogo kwa vijana. Usijipulizie upepo wa kompresa kutoa vumbi mwilini, wala usimpulizie mwenzako kwa mzaha. Hewa hiyo hupofua macho, hupasua ngoma ya sikio, na ikiingia mwilini inaweza kuua. Wako vijana waliokufa, katika nchi mbalimbali, kwa mzaha wa namna hiyo.

Najua jibu la wengi. Watasema, mbona mafundi wote mtaani wanatumia plastiki na hawafi? Kweli, wengi hawajafa. Hata jirani yangu, mpaka Jumamosi saa nane kasorobo, alikuwa mmoja wa hao. Watasema pia hali ni ngumu, pesa haipo. Hilo nalielewa, nami natembea kwa daladala kama wewe. Lakini nilimuuliza jirani yangu hesabu. Zahanati, dawa, usafiri, siku nne bila kazi, na kitanda cha mteja kilichochelewa, kwa jumla vimezidi bei ya bomba la chuma ambalo miaka miwili iliyopita aliliona ghali. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa nusura ivunje na jicho.

Nimalizie nilipoanzia. Jumapili asubuhi, mimi na mpwa wangu tulifungua koki, tukaachia upepo wote mpaka geji ikasoma sifuri, ndipo tukaliteremsha lile bomba. Hakufurahi. Aliniambia, “Mjomba, mbona lilikuwa linafanya kazi vizuri?” Sikumjibu kwa maneno. Nilimpeleka nyumba ya tatu, akauangalia ule mlango wa kabati, na kile kipande ambacho fundi hajakichomoa hadi leo. Tulirudi kimya. Jioni alikuwa amepigilia msumari ukutani, na mpira wa upepo umeviringwa juu yake.

Nawe, ndugu msikilizaji, kabla hujalala leo, zunguka nyuma ya nyumba. Ukiona bomba la maji limebebeshwa upepo, funga koki, toa upepo, na usiuwashe tena mpaka umebadilisha. Mzee atakayesema ajali haina kinga, mwambie kwa adabu kwamba hii unayo kinga yake, na inauzwa kwa mita.

Tukutane wiki ijayo wakati kama huu. Kwaheri.